Umesahau paswadi ya lapi? Tulia kwanza kabla uipeleke kwa fundi

Saa tano usiku. Stima imerudi Nyalenda baada ya kupotea tangu jioni, ubao umeisha, na sasa uko tayari kumaliza ile ripoti ya atachi yenye lekchara anaitaka kesho kabla ya saa sita. Unawasha lapi, unaandika paswadi. Imekataa. Unarudia pole pole, kidole kimoja kimoja. Imekataa. Unajaribu ile ya Facebook, ile ya imeili, jina la ex na mwaka wa kuzaliwa. Wapi! Jasho linaanza kukutoka, na hata si joto la Kisumu.

Omera, tulia. Hii kitu imetupata karibu sisi wote, na mara nyingi haina noma venye unafikiria. Noma huwa inaingia baadaye, ukishapaniki na kufanya kitu ya kwanza yenye mtu amekuambia. Hapo ndio watu hupoteza vitu zao.

Najua juu ilinipata.

Stori yangu kwa ufupi

Disemba 2019 nilienda ushago Usenge na lapi yangu ya kwanza, ex-UK yenye nilinunua na pesa ya kibarua. Jioni moja nikaketi na dana, nikawasha maiki, nikamwambia anipigie stori za kitambo. Alibonga karibu dakika 40: venye walikuwa wanaanika omena ufuoni, venye ziwa lilipanda miaka ya 60 mwanzo mwanzo hadi watu wakahamisha maboma, nani alioa nani na nani alikataa. Nikasevu kwa lapi. Hapo tu, hakuna mahali pengine.

Machi 2020 korona ikaingia, chuo kikafungwa. Niliacha lapi kwa keja ya boy wangu Manyatta nikijua ni mambo ya wiki mbili. Ikawa miezi 7. Kurudi, paswadi ilikuwa imetoka kwa kichwa kabisa. Nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini. Akaniuliza, "Unataka ifunguke?" Nikasema ndio. Nikalipa soo tano, nikaenda kula, na kurudi nikapata lapi imefunguka, safi kama imetoka dukani. Safi kabisa. Hakukuwa na faili hata moja. Sauti ya dana ilikuwa imeenda.

Huyo fundi hakunichezea. Aliniuliza swali, nikamjibu. Shida ni mimi sikujua kwamba hapo kuna maswali mawili: unataka mlango ufunguke, ama unataka vitu zenye ziko ndani ya nyumba? Hizo ni kazi mbili tofauti. Nilijiambia nitamrekodi tena. 2021 akatuacha kabla nipange safari.

Sasa, isikuwe wewe. Twende hatua kwa hatua.

Kwa nini hakuna mtu anaweza kukuambia paswadi yako

Kuna msee atakushow ati ana programu ya "kusoma" paswadi yako. Usimwamini haraka. Lapi yenyewe haijui paswadi yako ni gani.

Kitambo ilikuwa inajua. Mwanzo wa miaka ya 60, chuo cha MIT kule Marekani kilikuwa na kompyuta moja kubwa yenye watu wengi walishare, kila mtu na masaa yake kwa wiki. Ili mtu asitumie masaa ya mwingine, wakapewa paswadi. Lakini hizo paswadi zote zilikuwa zimeandikwa wazi kwa faili moja. Mwaka wa 1962 mwanafunzi mmoja, Allan Scherr, alitaka masaa zaidi. Alichofanya ni kuiomba mashine iprinti lile faili, akaenda akachukua karatasi, akawa na paswadi za kila mtu. Imeisha hiyo.

Baada ya visa kama hivyo, mainjinia walibadilisha mchezo. Siku hizi lapi haiweki paswadi, inaweka kitu kilichosongwa kutoka kwa paswadi. Fikiria unga na ugali. Unga ukishasongwa ukawa ugali, hakuna mtu kutoka Kondele hadi Dunga anaweza kukurudishia unga wako. Ukiandika paswadi, lapi inasonga upya, inaangalia kama ugali huu unafanana na ule imeweka. Ukifanana, ingia. Usipofanana, rudi nyuma.

Kwa hivyo njia ziko tatu tu. Ya kwanza, ukumbuke. Ya pili, uthibitishe kwamba wewe ndio mwenyewe, kisha uweke paswadi mpya. Ya tatu, utoe vitu zako kwa mlango wa nyuma kabla nyumba ibomolewe. Kuformati ni kubomoa nyumba, na hiyo inakuja mwisho kabisa.

Kwanza hakikisha umesahau kweli

Usicheke. Watu wengi hawajasahau kitu, ni kibodi inawachezea. Angalia hizi:

Caps Lock. Herufi kubwa na ndogo ni vitu mbili tofauti kwa paswadi. Kama taa ya Caps Lock imewaka, izime.

Num Lock. Kwa lapi zingine, ikiwashwa, herufi za upande wa kulia zinaandika nambari.

Lugha ya kibodi. Hii inanasa sana watu wenye wana lapi za ex-UK, na huku kwetu ziko wengi. Kwa kibodi ya Uingereza, Shift na 2 inatoa alama ya kunukuu ("), na alama ya @ iko upande wa kulia karibu na Enter. Kwa kibodi ya Marekani ni kinyume: Shift na 2 ndio @. Kama paswadi yako iko na @ na lapi imebadilisha lugha ya kibodi yenyewe, utaandika hadi asubuhi. Angalia chini kulia kwa skrini ya kuingia, kuna mahali pameandikwa ENG. Bonyeza hapo ubadilishe, kisha ujaribu tena.

Alama ya jicho. Ukiandika paswadi, pembeni kuna kijicho. Kibonyeze uone kile kinaandikwa. Hapo utajua kama kuna herufi imekufa, juu lapi yenye iliwahi kumwagiwa chai huwa na tabia zake.

PIN ama paswadi? Windows 10 na 11 zinapenda kukuwekea PIN. PIN ni ya hiyo mashine tu, paswadi ni ya akaunti yako. Inawezekana unaandika moja penye ingine inatakikana. Bonyeza "Sign-in options" uone njia zote zenye ziko. Ukikosea PIN mara kadhaa, Windows inaweza kukuambia uandike A1B2C3 kabla uendelee. Si hakaz, inataka tu kujua kama kibodi iko sawa.

Na usijaribu mara 50 kwa hasira. Windows mpya zinaweza kukufungia nje dakika kadhaa ukikosea sana. Jaribu kidogo, pumzika, kunywa maji.

Jua akaunti yako ni ya aina gani

Kama kweli umesahau, hili ndilo swali la maana kuliko yote, na mafundi wengine hawakuulizi. Kwa Windows kuna akaunti za aina mbili.

Kama kwa skrini ya kuingia, chini ya jina lako, kuna imeili, hiyo ni akaunti ya Microsoft. Paswadi yake iko kwa mtandao, na unaweza kuibadilisha ukitumia simu.

Kama ni jina tu, pengine "User" ama "Admin" ama jina la kampuni yenye ilitumia hiyo lapi Uingereza kabla ije kwetu, hiyo uwezekano mkubwa ni akaunti ya ndani. Paswadi yake iko kwa hiyo mashine peke yake. Microsoft hawawezi kukusaidia, hawana kitu chako.

Kama ni akaunti ya Microsoft

Hapa umeomoka. Chukua simu, ingia account.live.com/password/reset, andika imeili yako. Watakutumia kodi kwa namba ya simu ama imeili ingine yenye uliweka siku ya kufungua akaunti. Weka kodi, chagua paswadi mpya, kwisha. Kama shida ni PIN, kwa lapi yenyewe bonyeza "I forgot my PIN" na ufuate maelekezo.

Kuna kitu moja watu husahau: lapi yako lazima iwe na intaneti ndio ijue umebadilisha paswadi. Washa hotspoti kwa simu, kwa skrini ya kuingia bonyeza ile alama ya mtandao iko chini kulia, unganisha, ndio sasa uandike paswadi mpya. Bila hivyo lapi itaendelea kutaka ile ya zamani na utafikiria umechezwa.

Sasa, je kama namba yenye uliweka ni ile laini ulipoteza kwa mat ukitoka Bondo? Kama bado ni yako, nenda duka la kampuni ya simu na kitambulisho, warudishe laini. Hiyo ndio njia fupi kuliko zote. Lakini kama ulikaa muda mrefu bila kuitumia, inaweza kuwa ilishapewa mtu mwingine, na kodi zako zinaenda kwa huyo mtu. Hapo ingia account.live.com/acsr ujaze ile fomu ya kuomba akaunti yako. Wanauliza vitu zenye ni wewe tu unajua: paswadi za zamani zenye unakumbuka, watu wenye uliwatumia imeili, vichwa vya hizo imeili. Jaza kila kitu yenye unaweza, na ukitumia simu ama kompyuta yenye ulishawahi kuingilia hiyo akaunti, bora zaidi. Jua tu kwamba kama uliwasha uthibitisho wa hatua mbili, hiyo fomu haikusaidii.

Pia, ukiamua kubadilisha namba zote na imeili zote za usalama kwa mpigo, Microsoft wanakuweka siku 30 za kungoja. Ni ya kukulinda dhidi ya mwizi, lakini kama dedilaini ni kesho, inauma. Badilisha sai kabla shida ikupate.

Kama ni akaunti ya ndani

Ukikosea paswadi, chini yake kutatokea "Reset password". Ibonyeze. Kuanzia Windows 10 ya Aprili 2018, ukifungua akaunti ya ndani unaulizwa maswali matatu ya usalama, kama jina la mnyama wako wa kwanza. Kama ulijibu ukweli, jibu tena vile vile na utawekewa nafasi ya paswadi mpya. Kama ulijaza utumbo ndio umalize haraka, hapo uko peke yako.

Je, kuna mtu mwingine yuko na akaunti kwa hiyo lapi? Labda wewe na siz mnaishare, na akaunti yake ni ya msimamizi. Akiingia anaweza kukuwekea paswadi mpya kwa mipangilio. Hii inafanya kazi, lakini paswadi zenye ulikuwa umehifadhi kwa Windows zinaweza kupotea, na mafaili yenye ulifunga kwa kufuli ya Windows yenyewe hayatafunguka tena. Kwa watu wengi hiyo si shida, lakini jua mapema.

Na kama uliwahi kutengeneza flashi ya kurudisha paswadi, ichomeke. Enyewe sijawahi kutana na mtu mwenye aliitengeneza, lakini ipo.

Kama yote yamekataa, toa vitu nje kwanza

Hapa ndio nilipokosea mimi, kwa hivyo soma pole pole.

Paswadi ya kuingia inafunga mlango wa Windows. Haifungi diski. Kama diski haijafungwa kwa kufuli yake, mafaili yako yako pale pale, ripoti, picha, sauti, na kuna njia mbili za kuyatoa bila paswadi.

Ya kwanza ni flashi ya Ubuntu. Ubuntu ni mfumo wa bure wenye unaweza kuwaka kutoka kwa flashi bila kugusa kitu kwa lapi. Tafuta rafiki mwenye ako na kompyuta na intaneti ya nguvu, juu faili lake linazidi GB 5 na litamaliza bando yako. Pakua kutoka ubuntu.com, weka kwa flashi ya angalau GB 8 ukitumia programu kama Rufus, na kumbuka hiyo flashi itafutwa, kwa hivyo isiwe ile yenye muvi zako. Chomeka kwa lapi yako, washa, na ubonyeze kitufe cha kuchagua mahali pa kuwakia. Kwa HP nyingi ni F9, kwa Dell na Lenovo nyingi ni F12. Chagua kujaribu Ubuntu, usichague kuinstoli. Hapo kuinstoli ni kujichimbia kaburi. Ikishawaka, fungua diski, ingia folda ya Users, tafuta jina lako, nakili kila kitu kwa diski ya nje ama flashi ingine.

Ya pili ni kutoa diski yenyewe, kuiweka kwa kasha la USB, na kuichomeka kwa kompyuta ingine kama flashi kubwa. Fundi anaweza kufanya hii haraka. Hii ndio kazi nilifaa kuomba 2020. Lapi yangu ilikuwa mzee, diski haikuwa na kufuli yoyote. Sauti ya dana ingetoka kabla nimalize chapo.

Lakini kuna kesi yenye hizi njia zote mbili zinagonga ukuta. Lapi nyingi za siku hizi zimewashiwa kufuli ya diski, inaitwa BitLocker, na kwa Windows 11 mpya huwa inajiwasha yenyewe ukiingia na akaunti ya Microsoft. Ukifungua diski na uitishwe ufunguo, ni hiyo. Ufunguo wake ni nambari 48. Habari njema ni kwamba mara nyingi huwa umehifadhiwa kwa akaunti yako ya Microsoft, hata kama hujui. Kwa simu ingia aka.ms/myrecoverykey, utaona orodha ya mashine zako. Linganisha kitambulisho chenye lapi inakuonyesha na kile kiko kwa orodha, kisha uandike hizo nambari 48. Kama lapi ni ya ofisi ama ya chuo, ufunguo unaweza kuwa kwa watu wao wa kompyuta, waulize.

Kama hakuna ufunguo mahali popote, hakuna fundi, hakuna programu, hakuna kaka wa fulani mwenye ako poa na kompyuta. Hizo data zimeenda. Mtu akikuambia atakufungulia BitLocker bila ufunguo kwa thao mbili, weka pesa yako mfukoni.

Sasa ndio unaweza kubomoa

Ukishatoa vitu zako, ama ukishakubali hakuna kitu ya kuokoa, unaweza kuiseti lapi upya wewe mwenyewe, bure. Kwa skrini ya kuingia, shikilia Shift, bonyeza alama ya kuzima, chagua Restart huku bado umeshikilia Shift. Itawaka na menyu ya buluu. Chagua "Troubleshoot", halafu "Reset this PC", halafu "Remove everything". Chomeka chaja, juu stima ya lapi ikiisha katikati utajuta. Ikimaliza itakuwa mpya, na kila kitu kitakuwa kimefutwa.

Kama hutumii Windows

Mac: ukikosea mara tatu, huwa inakuletea njia ya kutumia akaunti yako ya Apple kuweka paswadi mpya. Kama uliwasha FileVault ukapewa ule ufunguo mrefu wa herufi na nambari, huu ndio wakati wake.

Chromebook: unaingia na akaunti ya Google, kwa hivyo badilisha paswadi kwa simu. Lakini Chromebook inaweza kukuuliza pia ile ya zamani ndio ifungue mafaili yaliyo ndani. Usipoikumbuka, yale yaliyo kwa mashine yanaweza kwenda. Yaliyo kwa Google Drive yako salama.

Ubuntu: ukiwasha, bonyeza Esc ama ushikilie Shift hadi menyu itokee, ingia njia ya uokoaji, chagua root, na uweke paswadi mpya kwa amri ya passwd. Kama unatumia Ubuntu, hapo labda umeshanielewa.

Ukienda kwa fundi, enda na akili

Sijasema mafundi ni wabaya. Kutoka Oginga Odinga Street hadi Kondele kuna vijana wanajua kazi kuliko watu wenye digrii, na mimi mwenye niliacha chuo mwaka wa pili siwezi dharau mtu. Lakini fundi anafanya kile umemwambia. Kabla umpe lapi, sema hivi: "Nataka data zangu kwanza. Usiformati kabla unipigie." Muulize: diski iko na kufuli ama haina? Utatoa mafaili na njia gani? Utayaweka wapi, na ukimaliza utayafuta kwa diski yako? Hili la mwisho ni muhimu, juu kwa lapi yako kuna picha, kuna nakala ya kitambulisho, kuna mambo yako na HELB. Kama unaweza, keti hapo hadi amalize. Nunua soda, ngoja.

Kama paswadi inaitishwa hata kabla alama ya Windows itokee, hiyo si ya Windows, ni ya BIOS, iko kwa mashine yenyewe. Hizi njia zote hazigusi hiyo. Inapatikana sana kwa lapi za mitumba zilizotoka kwa makampuni. Rudi kwa mwenye alikuuzia na risiti. Ndio maana ukinunua ex-UK lazima uiwashe hapo dukani, uzime, uwashe tena, na uhakikishe hakuna akaunti ya mtu mwingine ndani.

Na tusikilizane: haya yote ni ya lapi yako. Si ya dem wako, si ya rumeti, si ile "uliokota". Sheria ya Kenya ya mwaka wa 2018 ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni, kifungu cha 14, inasema kuingia kwa kompyuta bila ruhusa ni faini ya hadi milioni 5, ama jela hadi miaka 3, ama zote mbili. Udaku wa mesenji za mtu hauna bei hiyo.

Fanya hizi leo, dakika 15 tu

Kama umesoma hadi hapa na lapi yako inafunguka vizuri, wewe ndio nilikuwa nataka kuongea na wewe zaidi.

Moja, ingia kwa akaunti yako ya Microsoft, Google ama Apple uangalie namba ya simu na imeili za usalama. Kama kuna laini ulishatupa, toa, weka ya sasa. Ongeza ya mtu mwenye unamwamini, kama mathe.

Mbili, fungua aka.ms/myrecoverykey. Kama kuna ufunguo, andika hizo nambari 48 kwa kitabu, mkono wako mwenyewe, na ukiache nyumbani. Usiandike kwa karatasi ukabandika chini ya lapi.

Tatu, tumia paswadi ndefu yenye unaweza kukumbuka. Maneno manne yasiyohusiana, kama jina la samaki, mtaa, rangi na chakula, ni ngumu kukisia na rahisi kukumbuka kuliko X7#q ya kujionyesha. Lakini usitumie mfano wenye umeandikwa mahali watu wanasoma. Hiyo inajumlisha hapa.

Nne, na hii ndio kubwa: kitu yoyote yenye ikipotea utalia, iwe mahali pawili. Jitumie ripoti kwa imeili. Weka picha kwa Drive. Nunua flashi. Sauti ya dakika 40 ingetoshea kwa imeili moja ama mbili, manze. Ningejitumia usiku ule ule pale Usenge, mtandao ukiwa na baa mbili, na sai ningekuwa nayo.

2020 ziwa lilipanda tena, maji yakaingia hadi Dunga. Wazee kwa boma wakaanza kubishana kama hii imeshinda ile ya miaka ya 60, na maji ya wakati huo yalifika wapi. Dana alikuwa amenionyesha mahali kwa jina, ule mti na ule mti. Walipojua nilimrekodi, waliniuliza alisema ni wapi.

Sikuwa na la kuwajibu. Sevu vitu zako mahali pawili, msee. Leo.